Karatasi ya Kitabu Kimoja

Mpanda,
16 Februari 1986

Mjomba Zefania,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkaza mjomba Dorkas, umfikishie kabla haijapoa. Mimi ni mzima, ukiacha malaria ya mwezi uliopita, ambayo huku haihesabiwi kuwa ugonjwa. Mama ameniandikia kutoka Ndungu kwamba mpunga umeshika vizuri, na kwamba wewe uling'olewa jino ukakaa siku nzima bila kusema neno. Anasema nyumba nzima ilipumzika.

Shuleni kwetu chaki zimekwisha. Tunafundisha kwa mdomo. Historia inakwenda, ila pembetatu ni ngumu kuisema kwa mdomo. Sabuni mara ya mwisho tuliigawana kabla ya Krismasi, kipande kama kiberiti kwa kila mwalimu, na mwalimu mkuu alikata kwa uzi ili asilaumiwe.

Sasa neno lililonifanya nitafute karatasi hii. Darasa la saba tumemaliza kusoma kitabu chako, *Ndiva Imekauka*. Nakala iko moja, haina jalada wala kurasa za mwisho, kwa hiyo mwisho niliwasimulia mimi. Ndiva ilibidi niwachoree chini kwa kijiti, maana huku hakuna milima wala mabwawa ya kugawiana maji kwa zamu. Mtoto mmoja akauliza kama mwandishi ni mtu wa kweli. Nikasema ni mjomba wangu, anaishi Gonja milimani, analima tangawizi. Hawakuniamini, hasa hiyo tangawizi.

Mjomba, na mimi nimeanza kuandika riwaya. Ulianzaje wewe? Nani alikufundisha? Na mtu anayetaka kuandika aanze na nini? Nijibu hata kama ni kwa kifupi.

Mpwa wako,
Rogathe


Gonja,
20 Aprili 1986

Mpwa wangu Rogathe,

Marahaba. Barua yako ilikaa Same mpaka gari la posta lilipopata tairi. Tu wazima. Mvua imenyesha sana, barabara ya kushukia Maore imekatika, kwa hiyo wasafiri wanashuka upande huu wa korongo, wanavuka kwa miguu, wanapanda basi jingine upande wa pili na kulipa upya. Ng'ombe wetu amezaa dume. Dorkas hakufurahi, alitaka jike. Habari ya jino ni kweli, lakini sikukaa siku nzima, ni mpaka saa tisa.

Unaniuliza nani alinifundisha. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anatusimulia hadithi tukipalilia mahindi. Tukifika mwisho wa tuta, anakata, hata kama fisi kashika mlango. Anayetaka kujua kilichompata fisi aje na jembe kesho. Alifariki katikati ya hadithi moja. Mpaka leo sijui yule fisi aliingia au hakuingia.

Lakini kuandika hasa nilijifunza kwenye shamba la mkonge, nilipokuwa karani. Wakata mkonge walitoka kila pembe ya nchi, wengi hawakujua kusoma, na Jumapili walikuja kwangu niwaandikie barua za nyumbani. Alikuwapo mmoja, Rubeni, Mbena wa Njombe. Mashine ilimla vidole vya mkono wa kulia. Alipotoka hospitali akaja.

"Andika kwamba mimi ni mzima," akasema.

"Na mkono?"

"Mkono mama hajauliza."

Basi nikaandika. Nikaweka mvua, chakula, mahubiri ya mchungaji, bei ya blanketi, nikajaza kurasa mbili. Barua nzuri kabisa, nilijivunia. Majibu yalipokuja nikamsomea. Mama yake alianza hivi: "Mwanangu, tumefurahi kusikia kuhusu mvua. Umeumia wapi?"

Rubeni alicheka mpaka akalia. Mimi nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Siku hiyo ndipo nilipojua kuandika ni kazi ya namna gani.

Unauliza mtu aanze na nini. Aanze na kitu anachokijua ambacho watu wa kwao wanaona haya kukitaja. Na akishaandika asome kwa sauti mbele ya mtu mwenye kazi mikononi. Mimi humsomea Dorkas akichambua maharage. Akinyanyua kichwa, sentensi hiyo ina kitu. Akisema "nzuri", naifuta.

Mjomba wako,
Zefania


Mpanda,
3 Agosti 1986

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini korongo limepata daraja na dume la ng'ombe limepata kusamehewa. Mimi ni mzima. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Abednego, ameoa mke wa pili na anaingia darasani akiwa amechoka. Chaki zimekuja. Sasa hakuna madaftari.

Nakutumia sura tatu za mwanzo. Nimeandika nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani kwa kuwa hakuna nyingine. Ukizigeuza utakuta majibu ya jiografia. Usiyasome, yatakusikitisha.

Ni habari ya mwanamke anaitwa Saada, muuzaji wa duka la ushirika pale uwandani kwetu. Duka halina kitu, rafu ni tupu, lakini amri inasema duka lifunguliwe kila siku, basi kila asubuhi anafungua, anafagia, anafuta mizani, anakaa. Watu wanakuja kuuliza sukari huku wakijua hakuna. Nilimsomea Mwalimu Abednego akijaza rejista ya mahudhurio. Alinyanyua kichwa, ila alikuwa anataka kujua kama nina wino mwekundu.

Jambo jingine. Mama anasema ulimaliza kitabu cha pili mwaka sabini na nane, ukakipeleka mwenyewe Dar es Salaam, na kwamba tangu hapo anayekuulizia habari zake anakaribishwa chai. Mimi niko mbali, chai yako hainifikii. Kiko wapi?

Mpwa wako,
Rogathe


Gonja,
12 Oktoba 1986

Mpwa wangu Rogathe,

Marahaba. Sisi tu wazima. Daraja halijajengwa, lakini wamekuja watu kulipima, na wamelipima vizuri. Mama yako alipanda huku kutuona akatuletea mchele. Anauliza kama huko Mpanda kuna vijana wa Kipare. Nimemwambia sijui.

Nimesoma sura zako. Zimeandikwa vizuri, na hilo ndilo tatizo la sura ya pili. Umesema moyo wa Saada "ulipasuka vipande vipande". Mtu ambaye moyo wake umepasuka vipande hafungui duka kesho yake saa mbili. Mwache afute mizani, sisi tutaona wenyewe. Mvua ifute yote. Kila mtu ameshawahi kuona mvua. Yule bwana shamba anayezungumza kama hotuba ya redio mpe jipu mahali pabaya, utaona jinsi maneno yake yatakavyopungua. Sura ya tatu usiiguse.

Kuhusu kitabu cha pili, tangawizi mwaka huu imekubali sana.

Mjomba wako,
Zefania

*Rogathe mwanangu, ni mimi Dorkas, nimekuta bahasha haijafungwa. Kila mwaka mwezi wa kwanza mjomba wako anawaandikia wale wa shirika la vitabu, na kila mwaka wanamjibu kwa adabu kwamba mswada wake ni mzuri na karatasi hakuna. Akipata jibu anakwenda shambani na harudi kula mchana. Sura zako alinisomea nikipika, makande yakaungua. Usiseme nimekwambia.*


Mpanda,
25 Januari 1987

Mjomba,

Shikamoo kwako na kwa mkaza mjomba, ambaye namshukuru kwa salamu zake. Heri ya mwaka mpya.

Mambo huku yamegeuka. Maduka yamejaa. Kuna sabuni za rangi, kuna dawa ya meno, kuna redio, kuna nguo za mitumba zimerundikwa chini kama mahindi. Watu wanaingia, wanatazama, wanatoka. Zamani tulikuwa na senti bila vitu, sasa tuna vitu bila senti, na Mwalimu Abednego anasema hayo ndiyo mageuzi. Yeye anauza mafuta ya taa kwa chupa nyuma ya ofisi. Mwalimu wa darasa la nne anakaanga maandazi. Kengele ya mapumziko siku hizi inalia mapema kidogo, maandazi yakiwa ya moto.

Nimefuta moyo wa Saada. Nimefuta mvua. Bwana shamba nimempa jipu, na ulisema kweli. Kitabu nimekimaliza, nikimwandika Saada wakati wenzangu wakikaanga. Nitaona la kufanya nacho.

Je, wewe unaandika chochote sasa?

Mpwa wako,
Rogathe


Gonja,
14 Juni 1987

Mpwa wangu Rogathe,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Mwezi wa tano nilisafiri kidogo, nilikwenda Dar es Salaam kutafuta miwani. Sikupata. Nyumbani ni wazima. Ndungu wamefika wageni wanapima mashamba ya mpunga, wanasema watajenga mifereji ya saruji, na mama yako anawapikia wapimaji na anasema wanakula kidogo.

Siandiki chochote sasa. Nina tangawizi.

Pengine siku moja utapata mhariri. Akikuonyesha mahali palipopoa, msikilize, mara nyingi anasema kweli. Akianza kukueleza namna ya kupapasha moto, mshukuru, kisha nenda kafanye unavyojua wewe. Na usikubali wakuchoree mwanamke anayelia kwenye jalada.

Sina zaidi.

Mjomba wako,
Zefania


Mpanda,
30 Agosti 1987

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Mwezi wa pili niliupeleka mswada wangu kwa shirika lile lile linaloshikilia wa kwako. Sikukwambia. Niliona haya kwenda kusimama kwenye foleni ambayo wewe umesimama miaka yote hiyo. Niliandika jina la baba na la kwangu tu, mtu yeyote asijue sisi ni ndugu.

Juzi nimepata jibu la mhariri, Bwana Melkizedeki. Amekubali. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na panga. Kisha nikasoma mstari wa mwisho: "Tunamshukuru sana mjomba wako, Mzee Zefania, kwa kuridhia karatasi iliyotengwa kwa ajili ya mswada wake itumike kuchapa wa kwako."

Miwani!

Sikukuomba, Mjomba. Mimi nilitaka kujua kama naweza kuandika, na sasa sijui. Sijui kama wamekipenda kitabu au wamemheshimu mzee. Nimwangalieje Mama? Nimwangalieje mkaza mjomba? Nimemwandikia mhariri asichape. Karatasi ni yako, ichukue.

Rogathe


Gonja,
4 Oktoba 1987

Mpwa wangu Rogathe,

Marahaba. Tu wazima, na habari nyingine zitangoja.

Mwezi wa tano Bwana Melkizedeki aliniandikia: njoo, karatasi imepatikana. Dorkas alinipigia pasi suruali ya kanisani. Nilikwenda. Ofisini nikapewa kiti, nikaletewa chai yenye sukari ya kutosha, nikajua kuna jambo.

"Mzee," akasema, "karatasi iliyokuja ni ya kitabu kimoja."

"Changu ni kimoja," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu. Akasema zamu ni yangu na hakuna anayeipinga. Ila umekuja mswada wa mwalimu mmoja wa Mpanda, na ofisini wamegawanyika, hawalali. Ningekubali kuusoma, niseme maoni yangu kama mtu aliyetangulia? Akauweka mezani. Upande wa nyuma niliuona mto Rufiji umechorwa unamwagika Ziwa Viktoria. Nikajua ni wa kwako. Nikauchukua nikaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini.

Sura tatu nilikuwa nazijua. Zilizobaki sikuzijua. Tarishi alipokuja kufunga milango ilibidi aniite mara mbili, maana Saada alikuwa ameletewa gunia moja la sukari kwa kijiji kizima, na mimi nilitaka kuona atafanyaje. Kesho yake nikarudi, nikaomba na mswada wangu mwenyewe. Nikausoma kwenye benchi hilo hilo. Kwenye sura ya nne nilisinzia. Nikadhani ni uchovu wa safari. Nikanawa uso, nikaanza upya, nikasinzia pale pale.

Kile kitabu nilikiandika nikiwa nimewakasirikia watu fulani waliosimamia kuhamisha watu kwenda vijiji vipya. Nusu yao wamekufa. Mmoja anauza mitumba pale Same, na ananipunguzia bei. Kitabu kinagombana na watu ambao wameshaondoka chumbani.

Nikarudi ofisini. "Chapa cha mwalimu," nikasema.

"Mzee, una hakika? Umengoja muda mrefu."

"Ndiyo, na kungoja kwenyewe kunaonekana kwenye kitabu."

Alipokwisha kuandika uamuzi na kuupiga mhuri, ndipo nikamwambia kwamba mwalimu huyo ni mtoto wa dada yangu. Ningemwambia kabla angesema ni undugu, na wewe pia ungesema hivyo, kama unavyosema sasa. Nikamwomba anyamaze. Akaahidi. Wahariri hawawezi kuona mahali patupu wasiandike kitu.

Sitakudanganya kwamba sikuumia. Kutoka Korogwe mpaka Same nilikuwa natazama mkonge dirishani na sikuuona. Nilipofika nyumbani nikamwambia Dorkas miwani haikupatikana, akaniwekea chakula.

Sasa kuhusu karatasi. Nimemwuliza Bwana Melkizedeki. Ukikataa hairudi kwangu. Anayefuata kwenye foleni ni kitabu cha ufugaji bora wa kuku. Sina ugomvi na kuku. Lakini fikiri.

Sikukupa zawadi, Rogathe. Niliulizwa kipi ni bora, nikajibu.

Mjomba wako,
Zefania


Mpanda,
17 Januari 1988

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo mkaza mjomba. Najua sikuja Ndungu Krismasi. Mama ameshaniambia anavyoona, kurasa nne. Mimi ni mzima. Nilikuwa Dar es Salaam.

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Melkizedeki bila kumwarifu. Nilimwambia nitaruhusu kitabu kichapwe kwa sharti moja: anipe mswada wako niusome. Kama wa kwako ni bora, naondoka na wa kwangu, kuku wachapwe. Alikwenda kabatini akarudi nao, umefungwa kwa kamba ya mkonge. Nikaondoka nao kwenye treni.

Mjomba, nimekaa siku kadhaa na kalamu hii nikitafuta namna ya kukuandikia kwa heshima, na nimeona heshima iliyobaki ni kukwambia. Ulisema kweli. Kitabu hakifai. Wabaya wako ni wabaya tangu wanapoamka. Katibu kata hawezi hata kunywa maji bila kuonea mtu. Nilisoma sura nne za mwanzo mpaka Morogoro, na kitu kilichonishika sana ni mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha mbele yangu.

Lakini kuna kurasa za katikati. Yule mwanamke, Stumai, ambaye lori limekuja kumchukua na vyombo vyake na yeye hataki kupanda. Wanaume wanabishana nje, mama mkwe keshapanda, kuku wameshafungwa miguu, na yeye yuko ndani anachochea moto kupika maharage ambayo hayataiva kabla lori halijaondoka. Treni ilisimama Saranda. Behewa zima likashuka kununua kuku wa kukaanga. Sikushuka. Niliogopa nikirudi nikute wameshamtoa ndani.

Kisha ukamwacha. Ukarudi kwa katibu kata, na Stumai sikumwona tena mpaka mwisho. Kwa nini ulimwacha? Kitabu ni cha kwake. Wengine wote ungewaacha kwenye lori.

Nimemwandikia Bwana Melkizedeki achape cha kwangu. Naogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa nadhani ni hisani.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu.

Mpwa wako,
Rogathe


Gonja,
18 Septemba 1988

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za ukoo utazipata kwa mama yako, zipo nyingi na nyingine ni za kweli.

Barua yako ilinikasirisha, ndiyo maana nimechelewa hivi kujibu. Nilimwambia Dorkas kwamba hivi ndivyo inavyokuwa watoto wakisomeshwa. Akaniuliza, "Kwani ulichosoma kwenye benchi kule Dar ulikiona tofauti na alichokiona yeye?" Nikasema hapana. "Basi hasira ya nini?" Nikamweleza kwamba mimi kujisema ni jambo moja, na kusemwa ni jambo jingine. Akasema hilo analijua, ameolewa.

Kwa nini nilimwacha Stumai? Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimesimama na wale wanaume wa nje. Aliyekuwa ndani sikumwona, nilisikia tu vyungu. Niliona siwezi kuandika ambacho sikukiona, nikarudi kwa katibu kata, ambaye nilimwona vizuri mno. Umri huu wote, halafu mtoto wa dada yangu anipigie hodi ili niingie ndani ya ile nyumba.

Kitabu chako kimefika Same. Kiko dukani karibu na stendi, kati ya dawa ya panya na betri. Jalada lina mwanamke analia. Muuzaji anasema kinakwenda, watu hawakitaji jina, wanasema "nipe kile cha duka". Nilisimama pale kama mtu anayechagua betri mpaka nikamwona mama mmoja anakilipia. Nilipanda basi la kurudi, na nadhani nilikuwa nacheka, kwa sababu kondakta alinisalimia mara mbili.

Katibu kata nimemtoa. Lori limebaki. Nimeandika kurasa kumi na moja tangu mwezi uliopita, na tangawizi imeota magugu, Dorkas ameiona na amenyamaza.

Sasa nakuuliza, kwa kuwa mimi nimekwama na wewe una macho. Yule mume anapoingia ndani kumwambia kwa mara ya mwisho, Stumai anasimama, au anabaki amechuchumaa pale jikoni? Mimi nasema anabaki, hamwangalii, anaongeza maji chunguni. Dorkas anasema angesimama. Tumebishana tangu Jumatatu.

Jibu upesi. Basi la posta linapita Alhamisi.

Zefania